UZI: Mgonjwa wa kuhara amekunywa dumu zima la maji, mbona bado anakauka?

#1 Mleta mada

Salaam, wanajukwaa.

Mimi ni tabibu, na katika miaka ya kazi yangu nimepangiwa mara tatu kuhudumu katika kambi za kipindupindu wakati wa masika. Kila mara nimekutana na tukio lile lile: ndugu wanamfikisha mgonjwa wakiwa na dumu la maji safi, yaliyochemshwa na kuchujwa kama walivyoelekezwa na redio, wakieleza kwamba amekunywa tangu usiku wa manane. Hata hivyo macho yamezama, sauti haitoki, na mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono hayashikiki. Kisha wanauliza swali la haki kabisa, kwamba ikiwa mtu anakufa kwa kupungukiwa na maji, na maji amepewa, hayo maji yamekwenda wapi? Katika kambi huwa hakuna nafasi ya kulijibu ipasavyo, kwa hiyo naomba nilijibu hapa kwa kirefu.

Tuanze na hesabu. Mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 amebeba takriban lita 42 za maji, yaani asilimia 60 ya uzito wake. Mwanamke hubeba pungufu kidogo kwa sababu mafuta ya mwili hayashiki maji mengi, na mtoto mchanga hubeba zaidi, karibu robo tatu ya uzito wake. Lita hizo 42 hazikai katika chombo kimoja. Thuluthi mbili, yaani lita 28, zimo ndani ya seli, na lita 14 zilizobaki ziko nje ya seli. Katika hizo 14, ni lita tatu na nusu hivi tu zilizomo ndani ya mishipa kama plazima, ile sehemu ya majimaji ya damu. Hicho ndicho kiasi ambacho moyo unakitegemea ili ubongo na figo zifikiwe na damu.

Kati ya ndani na nje ya seli kuna utando ambao maji huupita kwa urahisi, lakini chumvichumvi, ambazo vitabu huziita elektroliti, haziupiti bila kibali. Nje ya seli mwenye nyumba ni sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya kupikia, kwa kiwango cha milimoli (kipimo cha kuhesabia chembe) 135 hadi 145 katika kila lita. Ndani ya seli mwenye nyumba ni potasiamu, kwa kiwango cha milimoli 140 hivi, na sodiamu huko ni kumi na kitu tu. Mpangilio huu unalipiwa: kila seli ina pampu zinazotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, kwa nguvu itokanayo na chakula tunachokula. Jens Christian Skou wa Denmark aliielezea pampu hiyo mwaka 1957 alipokuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, na ilimchukua miaka 40 kupata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo.

Sasa shikeni jambo moja, kwa maana yote yatakayofuata yamejengwa juu yake: maji hufuata chumvi. Anayetengeneza kachumbari analijua hili tangu utotoni, kwani vitunguu vikinyunyiziwa chumvi na kuachwa kidogo hutoa maji yavyo. Anayekausha samaki analijua pia. Katika mwili, jumla ya sodiamu iliyoko nje ya seli ndiyo inayoamua maji kiasi gani yatabaki huko nje, yakiwemo ya kwenye mishipa. Sodiamu ikipotea, hakuna kitakachoyashika.

Mwili una walinzi wawili juu ya mambo haya, na makosa mengi ninayoyaona, hata kwa wenzangu wa kazini, hutokana na kuwachanganya.

Mlinzi wa kwanza analinda ukolezi. Katika haipothalamasi, chini ya ubongo, kuna seli zinazosinyaa damu inapokolea kwa chumvi na kuvimba inapozimuka. Zinahisi badiliko la asilimia moja au mbili tu. Damu ikikolea, hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huamsha kiu, na huagiza tezi ya pituitari imwage homoni iitwayo vasopresini. Homoni hiyo ikifika kwenye figo, vijitundu vya kupitishia maji hupachikwa kwenye kuta za mirija ya mwisho, na maji yaliyokuwa yanaelekea kwenye kibofu hurudishwa katika damu. Protini inayotengeneza vijitundu hivyo inaitwa akwaporini, na Peter Agre wa Marekani aliyeigundua alishiriki Nobel ya kemia mwaka 2003.

Ukubwa wa kazi hiyo hauonekani kwa macho. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, yaani plazima yote hupita kwenye chujio mara hamsini hivi, na bado tunakojoa lita moja au mbili tu. Aliyefunga Ramadhani hushuhudia mlinzi huyu akiwa kazini: alasiri mkojo ni mchache na umekolea rangi, na baada ya futari na maji ya kutosha anaamka usiku mara mbili, mkojo ukiwa mweupe. Hata hivyo figo nazo zina mpaka. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika lita, kiwango ambacho mkojo wa binadamu hauwezi kukifikia, na ndiyo sababu mvuvi aliyepotea baharini akiyanywa hulazimika kutoa maji mengi kuliko aliyoyanywa ili kuiondoa chumvi hiyo.

Mlinzi wa pili analinda ujazo, na kazi yake ni ya polepole zaidi. Damu inayofika kwenye figo ikipungua, figo hutoa renini. Renini huikata protini iliyotengenezwa na ini, mapafu humalizia ukataji huo, na kinachopatikana ni angiotensini, ambayo hukaza mishipa na kuamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, zitoe aldosteroni. Aldosteroni huziambia figo zibakize sodiamu na zitupe potasiamu. Upande wa pili uko moyo wenyewe: vyumba vyake vya juu vikitanuka kwa wingi wa damu, hutoa homoni inayoruhusu sodiamu itoke. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1981 na Adolfo de Bold huko Kanada, na liliwashangaza wengi waliouona moyo kuwa pampu tu.

Turudi kwenye dumu. Sumu ya kipindupindu hufungua milango ya kloridi, mwenzake sodiamu katika chumvi, kwenye utumbo mwembamba na kuiacha wazi, sodiamu na maji hufuata, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Maji hayo yanayofanana na ya kuoshea mchele yana sodiamu karibu sawa na plazima, kwa hiyo mgonjwa anapoteza maji pamoja na kile kinachoyashika maji. Anapokunywa maji matupu, sehemu kubwa hupita moja kwa moja, na hata yanayosharabiwa hutawanyika katika vyumba vyote vya mwili. Katika kila lita moja iliyosharabiwa, mililita 80 hivi tu ndizo zinazobaki ndani ya mishipa, na nyingi zaidi huingia ndani ya seli, ambako hazikuwa zinahitajika. Lita moja ya maji ya chumvi yenye ukolezi wa damu, inayotiwa kwa dripu, huacha karibu mara tatu ya kiasi hicho.

Hapo ndipo yalipokwenda maji ya dumu.

#2 Mchangiaji kutoka Tanga

Shukrani, tabibu, kwa maelezo haya. Nina mambo mawili. Kwanza, umetaja chumvi tu, lakini pakiti ya ORS, ule unga wa kuchanganya na maji anaopewa anayeharisha, ina sukari pia, na nilidhani siku zote kwamba imewekwa kwa ajili ya ladha au kumpa mgonjwa nguvu. Pili, huku kwetu mtu akiharisha kitu cha kwanza ni kumwangulia madafu mawili au matatu, na wazee wetu wamepona kwa madafu. Je, walikuwa wanakosea?

#3 Mleta mada

Ndugu yangu wa Tanga, swali lako la kwanza ndilo lililowasumbua madaktari kwa zaidi ya karne. Thomas Latta aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi kwenye mishipa huko Leith, Uskoti, mwaka 1832, na baadhi yao waliinuka kitandani, lakini waliojaribu kuwanywesha chumvi kwa mdomo hawakufanikiwa. Utumbo haukuipokea.

Jibu lilikuja mwaka 1960, pale Robert Crane alipoeleza katika mkutano uliofanyika Prague kwamba ukuta wa utumbo mwembamba una mlango wa kufuli mbili, usiofunguka mpaka sodiamu na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, ziufikie pamoja. Vikiingia, maji huvifuata. Kwa bahati njema sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Ndiyo maana sukari ya ORS tunaiita ufunguo. Ladha na nguvu ni mambo ya pembeni.

Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walithibitisha huko Dhaka kwamba maji ya chumvi na glukosi ya kunywa yanapunguza sana haja ya dripu. Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walipofurika Bongaon upande wa India na chupa za dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi, glukosi na bikaboneti vichanganywe katika madebe, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha wenyewe. Vifo miongoni mwa waliopata tiba hiyo vilikuwa asilimia 3.6, ilhali kabla yake vilikaribia asilimia 30. Mimi nikisoma habari hiyo huwa nawafikiria zaidi wale mama na kaka walioshika vikombe, kwa kuwa bila wao hakuna daktari ambaye angewafikia watu wote wale.

Sisi wa Maziwa Makuu tunaujua upande wa pili wa habari hiyo. Goma, mwezi Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu vilipowaingilia wakimbizi wa Rwanda, karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Elimu ya ORS ilikuwapo, lakini maji safi na mikono ya kuwanywesha watu havikutosha.

Mchanganyiko unaotumika leo, tangu uliporekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, una milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, pamoja na potasiamu 20. Ule wa awali ulikuwa na sodiamu 90 na glukosi 111, na ulikuwa mzito mno, kwani sukari ikizidi uwezo wa mlango hubaki ndani ya utumbo na kuyavuta maji kurudi huko. Kwa sababu hiyo hiyo soda ya dukani haimfai mtu anayeharisha. Pasipo na pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi hutosha kumfikisha mgonjwa kituoni, ingawa mchanganyiko huo hauna potasiamu.

Kuhusu madafu, wazee hawakukosea kwa kuhara kwa kawaida. Madafu yana potasiamu nyingi, ambayo anayeharisha huipoteza kwa wingi, na yana sukari kiasi. Upungufu wake ni sodiamu, ambayo ni kidogo mno kwa mtu anayeipoteza kwa lita na lita. Mpe dafu pamoja na ORS, lakini kwenye kipindupindu usimpe dafu badala ya ORS. Na kama ndani ya nyumba kuna mgonjwa wa figo, dafu hilo lisimfikie kabisa, maana figo zake zimeshindwa kutoa potasiamu, na potasiamu ikipanda kupita kiasi moyo unaweza kusimama bila kutoa taarifa.

#4 Mchangiaji kutoka Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ninafanya kazi za ujenzi huku Oman. Miezi ya Juni hadi Agosti tunapumzishwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, lakini asubuhi joto lenyewe ni moto. Kila siku tunahimizwa tunywe maji, tunywe maji. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, kijana mwenye afya, alikunywa chupa baada ya chupa kwa hofu ya jua, na kabla ya adhuhuri akaanza kuumwa kichwa, akatapika, akawa anaongea yasiyoeleweka, kisha akapatwa na degedege. Sote tulidhani ni jua. Hospitali wakasema chumvi ya damu imeshuka. Sikuelewa hadi leo niliposoma uzi huu, na bado naomba ufafanuzi zaidi.

#5 Mleta mada

Wa alaykum salaam, kaka. Pole kwa mwenzenu. Alichokipata ni kioo cha kile cha kipindupindu, yaani maji yamezidi sodiamu.

Jasho lina chumvi, ingawa ni pungufu kuliko ya damu. Anayetoka jasho saa tano mfululizo akirudisha maji matupu kwa wingi kuliko alichopoteza huizimua damu yake. Katika hali ya kawaida mlinzi wa ukolezi angeizima vasopresini, na figo zingemwaga ziada, zikiweza karibu lita moja kwa saa. Lakini kazi nzito, maumivu, kichefuchefu na upungufu wa ujazo huiwasha vasopresini hata kama damu imeshazimuka. Hapa walinzi wawili wanagombana, na wa ujazo anaposhika usukani, wa ukolezi hasikilizwi. Maji yanabaki mwilini, yanaingia ndani ya seli, na seli zinavimba. Msuli ukivimba kidogo una nafasi, ila ubongo umefungwa ndani ya fuvu. Kile kichwa, kutapika na degedege ni ubongo unaobanwa.

Wakimbiaji wa mbio ndefu wanalifahamu hili. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, damu ya wakimbiaji 488 ilipimwa walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini. Walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani waliokunywa kuliko walivyotoka jasho, ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Kwenu huko ningeshauri mnywe kwa kadiri ya kiu na ya jasho, mle chakula chenye chumvi wakati wa mapumziko, na mgeni asipewe kazi nzito jua kali katika wiki mbili za kwanza. Kadiri siku zinavyopita aldosteroni huyafundisha matezi ya jasho kubakiza sodiamu, na jasho la mzoefu huwa na chumvi kidogo kuliko la mgeni. Mwenzenu akianza kuchanganyikiwa, msimwongezee maji kwa kubahatisha. Kama mwili unachoma, mpoozeni kwa maji ya nje, na mpelekeni apimwe. Hospitalini pia sodiamu iliyokaa chini kwa siku kadhaa haipandishwi kwa pupa, kwa kawaida si zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa siku nzima, maana seli za ubongo zilizokwisha kuzoea hali hiyo huumizwa na mageuzi ya ghafla.

#6 Mchangiaji kutoka Mombasa

Tabibu, mimi nimesoma kwa makini lakini sijaridhika. Miaka yote tunaambiwa chumvi ni adui na ndiyo inayoleta presha. Mama yangu ana miaka 74, anakula bila chumvi na anatumia vidonge vya presha vya kumkojoza. Leo chumvi imekuwa mkombozi? Na kwa kuwa tumefika hapa, yeye mwenyewe juzi aliamka akiwa hajijui vizuri, akiniita kwa jina la dada yake marehemu.

#7 Mleta mada

Dada, naanza na mwisho: mpeleke mama leo akapimwe sodiamu na potasiamu, akiwa na vidonge vyake mkononi ili daktari avione. Baadhi ya vidonge vya kukojoza hutoa sodiamu kuliko inavyotakiwa, hasa kwa wanawake wenye umri kama wake, na kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili mojawapo. Inawezekana pia ikawa ni maambukizi ya mkojo au jambo jingine. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako, na usimpe chumvi kwa sababu ya maneno yangu.

Kuhusu presha, hakuna mgongano. Ni kanuni ile ile ikisomwa kutoka upande wa pili. Anayekula chumvi kupita uwezo wa figo zake kuitoa hubaki na maji mengi nje ya seli, mishipa hujaa, na presha hupanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu tano za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, na wengi wetu tunazivuka kabla ya chakula cha jioni. Lita moja ya ORS ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, na hiyo ni ya kumrudishia mtu alichokipoteza. Asiyeharisha hana deni la kulipwa.

Niongeze kuhusu wazee: kiu yao hufifia na figo zao hazikolezi mkojo kama zamani, kwa hiyo anaweza kukauka bila kudai maji. Wachanga nao wana figo ambazo bado hazijakomaa, na wanaowapa maji watoto wa chini ya miezi sita kwa kuwaonea huruma ya joto wanaweza kuwashushia sodiamu hadi degedege. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata Mombasa mwezi wa Februari. Mtoto huyo akiharisha, aendelee kunyonya, apewe ORS kwa kijiko, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu atakavyoelekeza.

#8 Mchangiaji kutoka Mombasa

Tumerudi kutoka hospitali. Sodiamu ya mama ni 121. Amelazwa na kidonge kimesimamishwa. Ahsante sana, tabibu.

#9 Mleta mada

Ahsante kwa kuturudishia taarifa, dada. Mola ampe mama shifaa.

Narudi pia kurekebisha maelezo yangu ya #3. Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe ni kijiko kipi, kwa kuwa kwao kijiko cha chai ni kile cha kukorogea chai ya familia nzima. Nilikusudia kijiko kidogo cha mililita tano, kilichosawazishwa juu kwa kisu, kisicho na kilima. Chumvi ni nusu ya hicho, sukari ni sita, maji ni lita moja kamili, na yasiyotumika ndani ya saa 24 yamwagwe. Onja kabla ya kumpa mgonjwa: yasizidi chumvi ya machozi.